Kulinda umeme wa muda: breka zifuate chanzo kinachowaka

Kliniki ya hema inapofunguliwa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, fundi huulizwa kwanza kama jenereta itabeba mzigo. Watu wanajumlisha wati za friji ya chanjo, mashine ya oksijeni, taa na birika, wakiona jumla iko chini ya namba iliyobandikwa kwenye jenereta, wanaridhika. Kujumlisha wati ni lazima, ila kuna swali jingine ambalo watu hawaulizi na ndilo linaloua: waya wa moto ukigusa nyutro (waya wa kurudisha umeme), au ukigusa mlingoti wa chuma wa hema, je, chanzo kinachowaka saa hiyo kina nguvu ya kurusha breka, yaani kuifanya ikate umeme?

Nauliza hivyo kwa sababu mitandao yetu ya muda hapa Uganda haina chanzo kimoja. Asubuhi umeme wa nguzo upo, adhuhuri unakatika na jenereta inawashwa, usiku mafuta yanaisha na betri zinashika zamu kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo. Ndivyo ilivyo kwenye kliniki, kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), kwenye mkutano wa injili Arua, kwenye soko la usiku Busia. Nyaya na breka ni zilezile, lakini shoti ya asubuhi na shoti ya usiku hazifanani hata kidogo. Mwongozo huu ni wa fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda, anayejenga mtandao wa namna hiyo. Kama huna kibali, usome ili ujue cha kudai kwa fundi wako.

Hatua ya kwanza: andika kila chanzo kinatoa ampea ngapi wakati wa shoti

Chukua karatasi. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: umeme wa nguzo wa volti 240, jenereta ya petroli ya kVA 5 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa chanzo), na inveta ya kVA 3 yenye betri.

Nguzo kwanza. Transfoma ya kVA 100 kwenye vituo vyake yenyewe inaweza kusukuma zaidi ya ampea 3,000 kwenye shoti. Kadiri waya unavyorefuka kiasi hicho kinapungua, lakini hata mwisho wa laini ndefu mara nyingi bado unapata mamia ya ampea.

Jenereta ya kVA 5 kwa kawaida inatoa ampea 21. Shoti ikipiga, mizunguko michache ya kwanza inaweza kutoa mara saba hadi kumi ya hapo, kisha nguvu hiyo inayeyuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kinachobaki kinategemea ilivyotengenezwa. Jenereta yenye msaada mzuri wa uga wa sumaku inashikilia kama mara tatu, yaani ampea 62 hivi, kwa sekunde kadhaa. Zile za bei nafuu hazina msaada huo: volti zinaporomoka, sumaku inakufa, na ampea zinaweza kushuka hata chini ya zile 21. Soma kitabu chake. Kama hakisemi lolote juu ya shoti, ihesabu kuwa ni dhaifu.

Inveta ya kVA 3 inatoa ampea 12.5. Transista zake hazivumilii shoti, kwa hiyo inajizuia yenyewe: mara mbili ya kawaida, ampea 25, kwa sekunde chache, halafu inajizima.

Sasa chukua breka iliyojaa madukani Kampala, C20. Herufi C maana yake sumaku yake inakata papo hapo kati ya mara tano na mara kumi ya namba yake, kwa hiyo unahakikishiwa kukata kwa ampea 200. Nguzo itazitoa bila shida. Jenereta yetu ya ampea 62 haizifikii, na breka inabaki kutegemea bamba lake la joto, linalokata polepole kadiri linavyopata moto: kwa mara tatu hivi ya namba yake inaweza kuchukua sekunde nyingi, kuelekea dakika nzima. Dakika nzima ya waya kuchemka juu ya turubai la plastiki! Kwa inveta ni vibaya zaidi. Ampea 25 kwenye C20 ni mzigo wa kuzidi kidogo tu, breka inaweza kukaa nao muda mrefu sana bila kukata. Ni inveta itakayojizima, na ikijizima inazima kila kitu, friji ya chanjo ikiwemo, kwa sababu ya waya mmoja wa taa uliochubuka. Nyingine zinajiwasha tena zenyewe na kuirudia shoti ileile.

Hatua ya pili: chagua breka kwa chanzo kilicho dhaifu kuliko vyote

Mtandao mdogo huanzia hapa, na kwa kliniki ya mahema matatu au manne kanuni hii inatatua sehemu kubwa ya tatizo. Tumia breka za aina B kwenye saketi zote za mwisho, na namba ndogo. B6 inahakikisha kukata papo hapo kwa ampea 30, B10 kwa ampea 50, B16 kwa ampea 80. Kwa jenereta yetu inayoshikilia 62, B6 na B10 zinakata, B16 haina uhakika. Kwa hiyo B10 ndiyo mwisho wako. Inatosha: birika la wati 2,000 linakula ampea 8.3, na taa za hema zima zinapumua ndani ya B6. Gawa saketi ziwe nyingi na ndogo badala ya mbili kubwa.

Utaona kwamba inveta, kwa ampea zake 25, haina uhakika wa kurusha hata B6. Huo ndio ukweli wake na hakuna breka ya dukani itakayoubadilisha. Kwa hiyo mzigo usioruhusiwa kuzimika upewe inveta yake ndogo peke yake. Friji ya chanjo inatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi usiku kucha. Usiiweke kwenye inveta moja na soketi za kuchajia simu, ambako kila mtu anakuja na chaja yake iliyofungwa kwa selotepu. Nikilazimika kubana bajeti ya kazi kama hii nitabana kwenye taa, hapa sibani.

Hatua ya tatu: nyutro na ardhi, na kitufe kinachodanganya

RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme unapovuja, ndiyo rafiki wa kweli wa mtandao wa muda, kwa sababu haijali chanzo kina nguvu kiasi gani. Inapima tofauti kati ya umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Zikipishana kwa miliampea 30, inakata ndani ya sekunde 0.3, na uvujaji ukiwa mkubwa inakata haraka zaidi. Hata inveta dhaifu inaweza kutoa miliampea 30.

Lakini ili umeme uvuje, lazima uwe na njia ya kurudi kwenye chanzo. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake inaelea, yaani haijaungwa na fremu wala na ardhi. Mgonjwa akigusa kasha la chuma lenye hitilafu, RCD haioni kitu, maana umeme hauna pa kurudia. Unaweza kusema basi hapo hakuna hatari, na kwa hitilafu ya kwanza ni kweli. Hatari inakuja na ya pili: kifaa kimoja kikiwa na waya wa moto kwenye kasha na kingine nyutro kwenye kasha, mtu akashika vyote viwili, volti 240 zinapita kifuani mwake na RCD imetulia tuli.

Na kitufe cha kujaribia hakitakuonya. Kile kitufe kinachukua umeme kutoka waya wa moto upande mmoja wa RCD na kuurudisha kwenye nyutro upande wa pili, hakigusi ardhi kabisa. Utakibonyeza, RCD itaruka vizuri, utaondoka ukiamini hema lina ulinzi, na huenda halina.

Kwa hiyo pima kwa mita. Jenereta ikiwa inawaka na mzigo umezimwa, pima waya wa moto na ardhi, kisha nyutro na ardhi. Ukipata karibu 240 na karibu sifuri, nyutro imeungwa na ardhi. Ukipata namba za ajabu, mfano 120 na 120, nyutro inaelea. Iunge na ardhi mahali pamoja tu, kwenye jenereta au kwenye ubao wa jenereta, baada ya kusoma kitabu chake: baadhi ya jenereta za aina ya inveta zimeungwa na ardhi katikati ya waya zake mbili kwa makusudi, na mtengenezaji anakataza kuunga nyutro. Hiyo ukiikuta, badilisha jenereta, usibadilishe kitabu.

Inveta ya betri ina mtego wake. Umeme wa nguzo unapopita ndani yake, nyutro imeungwa na ardhi huko nje. Ikihamia kwenye betri inakata nyutro ya nje na yake inaelea, isipokuwa kama ina relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya ndani ya kuunga nyutro na ardhi. Ukipima mchana pekee utaona kila kitu sawa. Zima umeme wa nguzo, iache ishike betri, upime upya.

Hatua ya nne: chenjiova ikate nyutro pia

Tumia chenjiova, yaani swichi ya kubadilisha chanzo, ya ncha mbili kwa fezi moja, ncha nne kwa fezi tatu. Ikikata waya wa moto peke yake, muungano wa nyutro na ardhi wa jenereta unabaki sambamba na ule wa nguzo, umeme wa nyutro unagawanyika na kutembea kwenye waya wa ardhi, na RCD zinaanza kuruka bila sababu. Mafundi wavivu wakichoshwa na hilo wanazing'oa. Ukikuta RCD iliyokwepwa kwa kipande cha waya, jua chanzo mara nyingi ni chenjiova.

Waya wenye plagi dume pande zote mbili, wa kurudisha umeme wa jenereta kupitia soketi, usiuruhusu kwenye eneo lako kwa hali yoyote. Umeme unapanda mpaka nguzo, unaingia transfoma kinyumenyume, na upande wa pili unatoka volti 11,000 au 33,000. Vijana wa UEDCL, kampuni ya serikali iliyoshika usambazaji tangu Aprili 2025 baada ya kampuni ya Umeme, wanapanda nguzo wakiamini laini imekufa. Mtu anakufa kilomita kadhaa kutoka kwako na hutamwona.

Hatua ya tano: fanya ulinzi ubadilike wenyewe

Kwa mtandao mdogo kubadilika kwake ni kwa chuma tu, hakuna kompyuta. Weka breka kuu tofauti kwenye kila mlango wa chenjiova: C40 upande wa nguzo, B20 upande wa jenereta, B10 upande wa inveta. Ukigeuza mkono, breka kuu inabadilika pamoja na chanzo. Kisha weka kontakta, swichi inayofungwa kwa sumaku ya umeme, inayoshikwa na umeme wa nguzo pekee, na upitishe humo birika, pasi na kipaza sauti. Nguzo ikizimika kontakta inaachia na mizigo hiyo inaondoka kabla haijamlemea mnyonge aliyebaki. Ni vifaa vya bei ndogo, na yeyote anayejua kufunga kontakta ya pampu anaweza.

Mtandao mkubwa, tuseme jenereta ya kVA 100 kwenye tamasha au kwenye eneo la ujenzi, unahitaji breka yenye ubongo wa elektroniki, au relei yenye makundi mawili ya mipangilio au zaidi. Jenereta hiyo kwa fezi tatu za volti 415 inatoa ampea 139, na kwa shoti inashikilia kama 417. Breka ya ampea 160 iliyopangwa kukata papo hapo kwa mara kumi inasubiri ampea 1,600 ambazo hazitakuja kamwe. Hivyo kundi la kwanza, la nguzo, liache hizo 1,600. Kundi la pili, la jenereta, lipange likate kwa ampea 250 hivi baada ya sekunde 0.3, ili breka ndogo za chini zipate nafasi ya kutangulia. Kinachochagua kundi ni mguso msaidizi wa kontakta ya jenereta: ikifunga, relei inahamia kundi la pili.

Mpangilio wa matukio una uzito. Kwanza chanzo cha zamani kifunguliwe, kisha kundi libadilike, kisha relei ithibitishe, ndipo chanzo kipya kifungwe. Na waya wa ishara ukikatika, relei irudi kwenye kundi la chanzo dhaifu, kamwe isirudi kwenye la nguzo. Ulinzi mkali kupita kiasi utakuletea usumbufu, ulinzi mzito utakuletea moto.

Tatizo utakalokutana nalo ni mota. Kinu cha kusaga posho (unga wa mahindi) kikiwashwa moja kwa moja kinavuta mara sita hadi saba ya ampea zake, na kundi la jenereta litadhani ni shoti. Dawa ni relei inayotazama volti pamoja na ampea. Mota ikianza volti zinalegea kidogo kisha zinapanda. Shoti ya kweli inaziangusha chini kabisa. Relei ya aina hii inashusha kiwango chake cha kukata kadiri volti zinavyoshuka, kwa hiyo inaivumilia mota na kuikata shoti hata kama ampea zao zinakaribiana. Kama bajeti yako inatosha kifaa kimoja cha kisasa tu, nunua hiki.

Hatua ya sita: RCD kwa ngazi

Weka RCD ya miliampea 30 kwa kila hema, na juu yake, kwenye ubao mkuu, moja ya miliampea 100 ya aina S inayochelewa kidogo. Birika likiloa hema la pili, hema la pili linazimika peke yake. Ukiweka 30 juu na 30 chini, itakayoruka ni bahati nasibu. Nunua aina A, kwa sababu chaja na friji za kisasa zinavuja umeme usio wa mawimbi ya kawaida na aina ya AC inaweza kuzubaa mbele yake. Uvujaji wa kila siku kwenye hema usizidi miliampea 9 hivi. Simu thelathini zikichajiwa pamoja zinaweza kula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, zipe meza yake na RCD yake.

Hatua ya saba: waya na rodi

Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 50, kwenda na kurudi una omu 0.74. Wa 1.5 una omu 1.21. Kila omu inapunguza ampea za shoti, hivyo usijaribu kuokoa kwa waya mwembamba. Ekstensheni ya kuviringisha ifunguliwe yote, hata kama unahitaji mita tano tu, maana ikibaki imeviringwa inajipika. Penye mlango wa hema pitisha waya juu au uuzike ndani ya bomba. Angalia pale bodaboda wanapoegesha: ncha ya standi inasukuma waya kwenye kokoto, ganda linapasuka upande wa chini ambako hakuna anayetazama, na mvua ya kwanza ndiyo inayokuambia.

Rodi ya ardhi izamishwe mita 1.2 au zaidi. Kwa hesabu, RCD ya miliampea 30 inaridhika hata na omu 1,667, lakini udongo unakauka. Lenga chini ya 200. Kwenye vilima vikavu vya Isingiro huenda ukahitaji rodi mbili, zikae mbali kwa urefu wa rodi mara mbili.

Kumbuka mwinuko. Jenereta ya petroli inapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 juu ya bahari. Kampala, mita 1,200 hivi, ni asilimia 14. Kabale, karibu mita 2,000, ni zaidi ya asilimia 20. Na iwe nje, mbali na hema, moshi wake unaua mtu akiwa usingizini.

Hatua ya nane: jaribu kwa kila chanzo

Usikabidhi kazi kabla hujapitia vyanzo vyote vitatu, kimoja baada ya kingine, kwa kipima RCD kinachovujisha umeme kwenye waya wa ardhi wa soketi yenyewe. Anza na soketi ya mbali zaidi. Andika sekunde ulizopata kwa nguzo, kwa jenereta na kwa betri. Kisha geuza chenjiova mzigo ukiwepo, uone kama kontakta imeachia birika na kama friji haikuyumba.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ongeza kinga ya radi ya aina ya 2 kwenye ubao mkuu. Inaokoa vifaa, haimwokoi aliyeegemea mlingoti wa chuma. Ngurumo zikikaribia, watu wahamie kwenye jengo la kudumu.

Mlinzi wa usiku ndiye atakayekuwa peke yake breka ikiruka saa nane. Bandika karatasi hii ndani ya mlango wa ubao, kwa maandishi makubwa, na uisome naye kwa sauti:

Breka ikiruka, chomoa vyote kwenye hema hilo, kisha pandisha mara moja tu.
Ikiruka tena, iache chini. Mpigie fundi.
Usizibe wala kufunga kitufe chochote kwa kamba au selotepu.
Inveta ikizimika na kujiwasha yenyewe zaidi ya mara moja, izime kwa mkono.
Friji ya chanjo ikipita nyuzi 8, mwamshe nesi kabla ya kumpigia fundi.